Kopo la Mafuta Lililompiga Sahara Picha

Nimeambiwa mara nyingi kwamba kamera yangu haikuwa kamera. Aliniambia shemeji yangu, akaniambia karani wa serikali mbele ya foleni ya watu, na mwaka huu akaniambia kijana mmoja aliyekuja kunitembelea na simu yenye macho matatu mgongoni. Alilishika kopo langu, akaligeuza, akachungulia ndani, akacheka. "Eddo, hii ni mkebe tu." Nikamwambia ndiyo, ni mkebe, na wewe una simu, lakini hebu nieleze picha inaingiaje humo ndani. Akaanza maneno mengi, akakwama, akaniomba maji ya kunywa. Basi nimeona niandike, ili siku nyingine mkicheka mjue mnacheka nini.

Watu wa Garissa huniita Eddo Rukia. Eddo ni shangazi kwa Kisomali. Mimi si Msomali. Baba yangu alitoka Lamu akaja kupikia maafisa wa serikali hapa, akaoa hapa, akazikwa hapa. Lakini nimekuwa shangazi wa watu kwa muda mrefu hata sishughuliki tena kujua nani ni damu yangu na nani si damu yangu. Picha nimepiga kwa miaka thelathini na kitu. Nimeacha kwa sababu ya macho, si kwa sababu ya simu zenu. Hilo lieleweke mapema.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Mutiso, Mkamba wa Mwingi, aliyekuwa na studio ya chumba kimoja nyuma ya soko. Aliniajiri kwanza nifagie, halafu akagundua kwamba wanawake hawakuwa tayari kufunua uso mbele yake, na biashara yake nusu nzima ilikuwa inampita hivi hivi akiangalia. Ndipo akanitoa kwenye ufagio. Siku ya tatu, nikitaka kuonyesha bidii, nilifungua boksi la karatasi za picha mchana kweupe nikazihesabu moja moja ili nimwambie zimebaki ngapi. Karatasi za picha, wanangu, zikiona mwanga zimekwisha. Nilizihesabu zote vizuri sana. Mutiso hakunipiga wala hakunifukuza. Alichukua moja, akaitia kwenye dawa, ikatoka nyeusi tii kutoka pembe hadi pembe, akaitia fremu, akaitundika ukutani. Wateja wakiuliza ni picha ya nini, alijibu, "Hiyo ni kazi ya kwanza ya Rukia. Alikuwa anahesabu." Ilikaa ukutani miaka minne.

Mutiso huyo huyo ndiye aliyenikataza nisiguse kamera yake mpaka nitengeneze yangu. Alinipa mkebe na sindano. "Kamera ni giza lenye tundu," alisema. "Hayo mengine ni mapambo." Nilidhani ananidharau. Nilitengeneza shingo upande, nikapiga picha ya choo cha jirani, nikasahau. Mwanzoni mwa miaka ya tisini alizeeka, akarudi kwao Mwingi, akaniachia chumba, kamera, boksi kadhaa za karatasi, na ile picha yangu nyeusi.

Sasa sikilizeni kwa nini nililirudia kopo. Mwishoni mwa tisini na saba mvua ya El Niño ilinyesha kama kwamba mtu amesahau kuifunga. Mto Tana ulipanda, barabara ya Nairobi ikakatika, ya Wajir ikawa bahari ya matope kutoka hapa hadi Habaswein. Filamu zangu zikaisha. Dizeli ya jenereta ya mji ikaisha, kwa hiyo umeme nao ukaenda zake. Studio nyingine mbili zilifunga milango, wenyewe wakakaa nje wakicheza karata. Nami ningefunga, ila kulikuwa na jambo moja.

Maafisa wa kuandikisha vitambulisho walikuwa wamekuja mjini kabla ya mvua, na mafuriko yakawazuia kuondoka. Walikwama kama sisi. Na kwa kuwa walikwama, meza yao ilibaki wazi. Nyinyi wa leo hamjui kitambulisho kilikuwa nini kwa mtu wa huku. Bila hicho huvuki kizuizi cha polisi pale darajani. Unateremshwa kwenye basi, unaambiwa ukae kando, na wenzako wanakwenda. Kuna watu waliosubiri meza ile ije kwa miaka, wengine walitembea kwa miguu kutoka Balambala mizigo kichwani, na sasa imekuja, imekwama mbele ya macho yao, na fomu inataka picha mbili. Picha! Mji mzima haukuwa na filamu hata moja. Barabara ikikauka, meza itafungwa. Niliingia ndani, nikaangalia rafu: karatasi za picha ninazo. Dawa ninazo. Giza ninalo. Kilichokosekana ni tundu.

Basi chukueni kalamu. Tafuta kopo la mraba. Narudia, la mraba. Mimi nilianza na kopo la duara la maziwa ya unga, nikaikunja karatasi ndani yake kufuata ukuta wa kopo, nikampiga shemeji yangu. Karatasi ikinyooshwa uso nao unanyooka. Alitoka na uso wa kuwatosha watu wawili, masikio yakiwa kila moja na mtaa wake. Huyo ndiye wa kwanza kusema kamera yangu si kamera, na hakunisemesha hadi Idi.

Makopo ya mraba yalikuwa tele sokoni. Yalikuwa ya mafuta ya kupikia ya msaada, yakiletwa kutoka Ifo, kambi ya wakimbizi, na watu waliyakata wakafanya milango, majiko, hata masanduku ya mabibi harusi. Nililikata langu likabaki na kina cha shubiri kasoro kidogo. Ndani nikalipaka masizi ya sufuria niliyoyakoroga na gundi ya seremala, maana bati linalong'aa ndani huharibu picha. Mfuniko nikautengeneza kwa kopo la pili, nikauzungushia kitambaa cha buibui langu kuukuu ili mwanga usipenyeze. Halafu tundu. Usitoboe bati la kopo lenyewe, ni nene. Kata kipande cha mkebe wa soda. Weka juu ya kitabu, ubonyeze sindano nyembamba kabisa, usiivushe. Geuza, sugua kile kivimbe kwa msasa laini. Bonyeza tena. Sugua tena. Siku nzima ukibonyeza na kusugua si siku iliyopotea. Ncha ikipenya, ncha tu, simama. Lielekeze juani ulikague: tundu liwe duara safi, bila nywele za bati pembeni. Tundu likiwa kubwa, picha ni ukungu. Likiwa na kingo mbovu, picha ni ukungu na aibu pia. Mimi niliharibu vipande kumi na moja. Mlango wa tundu ni utepe mweusi wa mafundi umeme: unaubandua, unahesabu, unaubandika.

Taa ya chumba cha giza ilikuwa tochi ndani ya ndoo nyekundu ya plastiki. Maji ya mto yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, na picha ya kwanza niliyoiosha humo ilitoka na mchanga shavuni. Nikaanza kukinga maji ya paa, nikayachuja kwa leso. Mkiwa na shida ya maji katikati ya gharika, mtaelewa kwa nini nilikuwa mkali siku zile.

Karatasi inayotoka kwenye kopo huwa kinyume: uso mweusi, nywele nyeupe. Ukiikausha, unailaza kifudifudi juu ya karatasi mpya, unabana kwa kioo, unawasha tochi kwa hesabu ya tano, ndipo unapata picha ya sawasawa. Likumbukeni neno hilo, kifudifudi. Nitalirudia, na nikilirudia mtaniona mjinga.

Lakini adui mkubwa hakuwa maji wala tundu. Alikuwa salamu.

Kopo si kamera ya kufumba na kufumbua. Juani ilinibidi niliache wazi dakika moja na nusu, na mwenye kupigwa picha asitikisike hata kope akiweza. Nilimweka mtu kwenye kiti mlangoni kwangu, penye mwanga, mgongo ukutani. Naubandua utepe. Mtu anapita barabarani. "Assalamu aleykum!" Na yule wangu anageuza kichwa, anajibu, ananyoosha mkono, anashikana na mpitaji, wanaulizana habari za nyumbani, za ngamia, za mbuzi, na mwaka ule wa gharika bado waliulizana kama kwao mvua imenyesha. Nikienda kuosha picha nakuta mtu mwenye vichwa viwili na mikono mitatu. Karatasi zangu zilikuwa zinakwisha kwa adabu za watu.

Nikaandika kwa chaki ukutani: USISALIMIE HAPA. Aliyekuja juu ni Adeer Dubow, yaani ami Dubow, mzee aliyeuza miswaki kando ya mlango wangu, mwenye ndevu nyekundu za hina na sauti ya kusikika ng'ambo ya mto.

"Rukia! Wewe nakataza salamu? Salamu ya Muislamu?"

"Adeer, wananiharibia picha. Mtu akijibu anatikisika."

"Asipojibu ni dhambi yake. Unataka bicha ama unataka watu iende motoni?"

Nilikasirika, naye alikasirika, tukakaa kila mtu na upande wake mpaka alasiri. Kisha nikampelekea chai, nikamwomba radhi, nikafuta maandishi. Akanywa, akafikiri. Akasema, "Sikiza, walaal, ndugu yangu. Salamu ikikuta watu wengi, mutu moja akijibu, yote imetoka. Hawa wengine hawana deni. Hiyo ndiyo sheria." Akajipiga kifua. "Mimi iko hapa kutwa. Mimi itajibia."

Hivyo ndivyo Adeer Dubow alivyopata kazi katika studio yangu bila kuacha miswaki yake. Mtu akikaa kitini, yeye anasogeza kigoda chake karibu, ili wahesabike kuwa wako pamoja. Mpitaji akitoa salamu, Dubow anaipokea kwa sauti kuu, na yule wa kitini akianza kutikisika anakemewa, "Tulia! Hiyo ni yangu!" Na muda nao tukaupata humo humo kwenye dini. Nilimwambia kila mtu alete tasbihi kimoyomoyo, bila kuchezesha midomo, tisini na tisa kamili. Jua likiwa zuri inatosha. Mawingu yakitanda, mara mbili. Walimu na manesi Wakristo kutoka bara niliwaambia wasome Baba Yetu polepole mara nne. Mwalimu mmoja alisoma kwa haraka akanyanyuka kabla ya wakati, nikamrudisha, nikamwambia hata Mungu hapendi kuharakishwa.

Kabla sijafika kwenye jambo lenyewe, niwaambie ya ndevu za Dubow. Karatasi ile haioni rangi nyekundu, inaiona nyeusi. Ndiyo maana taa nyekundu haiidhuru. Nilipompiga mzee picha yake, ndevu za hina zikatoka nyeusi kabisa, na mzee wa miaka sabini akarudi kijana wa thelathini. Nilitaka niipige upya. Alininyang'anya. Alizunguka nayo sokoni wiki nzima, hadi mkewe akaja kuniuliza kwa upole kama mzee anatafuta mke wa pili na mimi ndiye niliyemwandalia.

Tulikuwa tunakwenda vizuri. Watu walipeleka picha zao mezani, karani akakunja uso, akabandika. Halafu akaja Habiba.

Habiba alikuwa mjane anayeuza maziwa ya ngamia kwenye kona ya soko, mwanamke mnyenyekevu kuliko inavyofaa. Binti yake, Sahara, alikuwa na miaka kumi na tisa, na mkononi alikuwa na barua ya kuitwa chuo cha ualimu huko bara. Mvua ilikuwa imemchelewesha. Chuo kilikubali kumngojea hadi barabara ifunguliwe, si zaidi. Kwa hiyo siku barabara itakapofunguliwa ndiyo siku atakayotakiwa awe na karatasi za kuvuka daraja, na ndiyo siku hiyo hiyo watu wa karatasi wataondoka. Nilimpiga picha Jumatatu. Alikaa kitini bila kutikisika, macho chini kidogo, maana alikuwa msichana wa haya. Chini ya jicho la kushoto alikuwa na alama ya kuchomwa, wazee walimchoma utotoni kumtibu, na fomu yake iliitaja: kovu, shavu la kushoto.

Jumatano Habiba alisimama mlangoni kwangu, mtungi wa maziwa bado mkononi.

"Bicha ya mutoto imekataliwa, walaal. Karani nasema ni mutu ingine. Nasema tunaleta watu ya kambi na jina ya watu ya hapa."

"Mtu mwingine vipi? Nimempiga mimi mwenyewe!"

"Nasema kofu iko huku." Akagusa shavu lake la kulia.

Hapo hapo nikajua. Jumatatu ile walikuja watu zaidi ya ishirini, nilikuwa na haraka, karatasi ya Sahara haikuwa imekauka. Karatasi mbichi ikilazwa kifudifudi hugandana na ile mpya. Kwa hiyo niliilaza chali. Ikilazwa chali, kushoto huwa kulia. Kwa uso wa kawaida hakuna anayejua. Kwa Sahara nilikuwa nimelihamisha kovu, na karani, kwa jicho lake la kutafuta makosa, aliliona. Kosa lilikuwa langu, peke yangu, na lilikuwa limemwangukia mtoto wa watu.

Nikatengeneza nyingine siku ile ile, kifudifudi, nikampeleka Sahara mimi mwenyewe hadi mezani. Karani alikuwa kijana kutoka bara, shati limepigwa pasi hata wakati umeme haupo, sijui alifanyaje. Akaweka picha mbili kando kwa kando.

"Jana kovu kulia. Leo kovu kushoto. Kesho itakuwa wapi, mama? Kwa paji la uso?"

"Ya kwanza niligeuza karatasi. Ni kosa langu, si la msichana."

"Mimi siwezi kufutwa kazi kwa sababu ya mkebe. Lete picha ya kamera."

"Hakuna filamu mji mzima, na wewe unajua."

"Basi angoje tukija tena."

"Mtakuja lini?"

Akainua mabega. Nje watu walikuwa wanasema lori moja limeonekana ng'ambo likijaribu matope, na masanduku ya ofisi yalikuwa yameanza kufungwa kamba. Sahara alikuwa nyuma yangu, ananivuta nguo. "Eddo, twende. Basi. Haidhuru."

Wanangu, neno "haidhuru" nimelisikia maisha yangu yote kutoka kwa watu waliodhurika. Nilipandwa na hasira hadi masikio yakawaka. Nikamwambia karani, "Sibanduki hapa. Unasema kopo linadanganya? Nitampiga picha hapa kwenye veranda yako, mbele ya macho yako. Na karatasi utaitia sahihi wewe."

Foleni yote ikasikia. Ilikuwa foleni ndefu. Karani akatazama huku na huku, akaona kukataa kutamfanya aonekane anaogopa mkebe. Akakubali.

Nilikwenda nikarudi na kopo, dawa, kioo, tochi na ndoo nyekundu. Adeer Dubow akaja na kigoda chake bila kuitwa, Habiba nyuma yake. Nikakitia giza chumba cha kuwekea majembe nyuma ya ofisi, nikaziba nyufa kwa magunia, nikamwingiza karani humo pamoja nami, mlango wazi kiasi cha heshima huku Habiba akilishikilia pazia la blanketi. Nikamwonyesha karatasi chini ya mwanga mwekundu. "Andika jina lako mgongoni, kwa penseli." Akaandika. Nikaitia koponi, nikafunika.

Sahara akakaa kwenye kiti cha karani. Nikaliweka kopo juu ya matofali mawili. "Tisini na tisa," nikamwambia. "Na unitazame. Usiangalie chini. Leo hakuna haya." Nikaubandua utepe.

Sijawahi kuona foleni ya serikali ikinyamaza vile. Watu wasiojuana walikuwa wanahesabu pamoja naye kimoyomoyo, niliviona vidole vyao vikienda. Katikati ya hesabu akatokea mkubwa wa maafisa, mzee mnene mwenye mwavuli, akaingia verandani kwa sauti, "Hamjambo!" Karani akaruka kusimama wima. Foleni kimya. Sahara kimya, macho kwenye kopo.

"Hatujambo, mzee!" Dubow akanguruma peke yake. "Nimejibia watu yote! Bita bole bole!"

Mkubwa akapita polepole, kwa ncha za viatu, mwavuli kifuani.

Nikaosha. Nikaikausha ile karatasi juani mpaka ikalia kama jani, na aliyechoka kungoja nikamwambia akalale. Kisha kifudifudi, kioo, tochi, hesabu ya tano, mara mbili, maana fomu inataka picha mbili. Nilizitoa picha kwenye maji nikaziweka mezani zikidondosha maji. Kovu lilikuwa shavu la kushoto. Nikageuza ile karatasi iliyotoka kwenye kopo, sahihi ya karani ilikuwa mgongoni.

Karani akaiinua picha moja. "Lakini ina ukungu kidogo," alisema.

"Ina ukungu," nikasema. "Sina umeme, sina filamu, sina barabara. Ninayo masizi na sindano. Wewe una ofisi nzima na bado umeshindwa kumwona msichana aliyesimama mbele yako siku mbili. Sasa niambie nani ana ukungu."

Watu walicheka, na mimi sikucheka. Mkubwa wake aliinama juu ya meza. "Ukimtafuta kwa picha hii sokoni, utampata?" alimuuliza karani.

"Nitampata, sir."

"Basi picha imemaliza kazi yake. Piga muhuri."

Akabandika picha moja kwenye fomu, nyingine kwenye karatasi ya kusubiria kitambulisho, akagonga muhuri nusu kwenye picha, nusu kwenye karatasi. Nilitaka kumshukuru, nikajizuia. Haki ya mtu haishukuriwi kama zawadi, na nawaomba mwache tabia hiyo.

Barabara ilifunguliwa Jumamosi. Maafisa waliondoka asubuhi na magari yao. Basi la kwanza lilifuata saa nne. Habiba na mimi tulikwenda kwa miguu mpaka kwenye kizuizi, kwa sababu nilijua karani si mwisho wa makarani. Na kweli, abiria waliteremshwa, wakapangwa mstari kando ya barabara. Askari alianza mwisho wa mstari, akafika kwa Sahara, akachukua karatasi yake, akaiinua juani.

"Hii ni picha ya wapi? Uso umefifia. Huyu ni nani?"

Nilianza kwenda mbele. Maneno yote nilikuwa nayo tayari kinywani, na wengi wenu mnajua ninavyokuwa nikiwa nayo. Lakini Sahara alitangulia. Alivuta mtandio wake nyuma ya shavu, kovu likaonekana lote, akamtazama yule askari usoni.

"Afande, hapo nimefifia," alisema. "Hapa sijafifia. Angalia hapa."

Askari akaangalia. Akaangalia karatasi, akamwangalia tena, na safari hii ni yeye aliyetazama chini. Akamrudishia karatasi yake.

Nilisikia hatua za Sahara kwenye ngazi za basi, na injini ikiwaka. Habiba hakuwa ameona kitu. Alikuwa amejifunika uso kwa mtandio tangu askari alipoinua ile karatasi.

"Amebita?" akaniuliza.

"Amepita," nikamwambia.